Kabla ya Kupiga Windows

Karibu kila kibanda cha fundi wa kompyuta, kuanzia Kariakoo hadi stendi ya wilaya, kina sentensi yake moja: "Dada, hapa ni kupiga Windows tu." Hutamkwa kabla kava halijafunguliwa, mara nyingine kabla hata mashine haijachomekwa kwenye umeme. Mwenye kompyuta hukubali kwa kuwa hana la kubishia. Kesho yake anarudishiwa mashine nyepesi, yenye picha mpya kwenye kioo na isiyo na faili lake hata moja la mwaka jana. Baada ya wiki chache uzito unarudi. Anarudi kwa fundi, naye fundi, ambaye hana upendeleo katika tiba zake, anapiga Windows tena.

Sina nia ya kuwacheka mafundi. Kupiga Windows kuna bei inayojulikana na muda unaojulikana. Kuchunguza hakuna vyote viwili. Mteja yuko radhi kulipia kitendo alichokiona, lakini fundi akikaa saa nzima ameinamia mashine, akasikiliza, akachomoa waya mmoja na kuurudisha, kisha akadai fedha, anaonekana tapeli. Basi soko limejipangia tiba yake, kama zahanati inayotoa panadol kwa kila anayeingia mlangoni. Tatizo ni kwamba kompyuta kuukuu huugua kwanza mwilini, hasa hizi za mezani zilizotufikia baada ya kutumika miaka kadhaa katika ofisi za Ulaya au Marekani (Nairobi huziita ex-UK, hata zile ambazo hazijawahi kuiona Uingereza). Umeme, joto, mguso mbaya wa vyuma na uchakavu wa diski ndivyo vinavyoziangusha. Programu hulaumiwa kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye kioo.

Na lililo baya zaidi, kupiga Windows wakati mwingine husaidia kweli.

Chukua mashine yenye Windows XP, ambazo bado hazijaisha. Nyingi zilitumia diski za kebo pana na bapa, yaani IDE. Kwa kawaida data hutoka kwenye diski na kwenda kwenye RAM moja kwa moja, kwa utaratibu uitwao DMA, bila prosesa kuhangaishwa. Lakini kebo ikiwa imekunjwa vibaya, au ikiwa imelegea kwenye pini zake, data hufika na makosa. XP huyahesabu makosa hayo. Yakifika sita, inaishusha njia hiyo ngazi moja. Yakiendelea, inaishusha nyingine, mpaka inafika kwenye utaratibu wa kale wa PIO, ambapo prosesa hulazimika kubeba kila kipande cha data yenyewe. Hapo mashine iliyokuwa ikifungua Word kwa sekunde chache inakupa nafasi ya kwenda kuagiza chai na kurudi. Tena XP haipandishi kasi hiyo kwa hiari yake: uamuzi umeandikwa ndani ya registri, hifadhi ya mipangilio ya Windows, na utabaki humo.

Sasa piga Windows. Registri inafutwa, hesabu inaanza sifuri, mashine inakimbia, na fundi amethibitisha hoja yake mbele ya mashahidi. Kebo ni ile ile, inaendelea kukusanya makosa sita mengine kwa raha zake. Tiba ilikuwa kuingia Device Manager, kuiondoa njia ile ya IDE kwenye orodha, kuwasha upya ili Windows iitambue kana kwamba ni mara ya kwanza, kisha kubadili kebo na kuweka ile yenye nyaya 80 nyembamba badala ya 40, kwa sababu kasi za juu za IDE zinaidai. Kazi hiyo haigusi faili hata moja la mwenye mali.

Kwa hiyo mpangilio wa uchunguzi ndio kiini cha kazi nzima. Unaanza na kile kisichogharimu na kinachoweza kurudishwa kilivyokuwa, na unamalizia na kile kisichorudishika. Kufomati ni cha mwisho kabisa kwenye orodha hiyo. Huku kwetu kimekuwa cha kwanza.

Umeme ndio unaoua nyingi, tena mapema. Nyuma ya pawa saplai nyingi za zamani, karibu na tundu la waya, kuna kiswichi kidogo chekundu chenye namba mbili, 115 na 230. Umeme wa nyumbani Marekani ni volti 120. Tanzania ni 230 na Kenya 240. Kompyuta iliyotoka Marekani, kiswichi chake kikiwa bado kwenye 115, ikichomekwa ukutani Dar es Salaam hupasuka kwa mlio unaosikika hadi duka la tatu, na harufu yake hukaa hadi jioni. Sababu yake ni hesabu tu. Kiswichi kikiwa kwenye 115, saketi ya kupokelea umeme huuzidisha mara mbili, ili ndani ipatikane DC ya volti zaidi kidogo ya 300, ambayo ndiyo pawa saplai nzima imeundiwa. Ukiipa 230 badala yake, kilele cha umeme huo ni kama volti 325. Kikizidishwa mara mbili kinafika 650, kikigawanywa kwa kapasita mbili ambazo kwa kawaida kila moja imeandikwa volti 200. Dua ya wakati huo ni fyuzi iwahi. Wauzaji waangalifu hubandika karatasi ya gundi juu ya kiswichi hicho kikiwa upande wa 230, na maabara za shule zina wanafunzi wadadisi wa kutosha kuibandua. Pawa saplai za baadaye hujirekebisha zenyewe kati ya volti 100 na 240 na hazina kiswichi, na adapta za laptopu ziko hivyo hivyo.

Mashine isipoonyesha uhai wowote, usianze kuishuku. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ile ile kwanza. Ni aibu kubeba kompyuta ya mezani kwenye bodaboda kwa sababu ya ekstensheni mbovu. Soketi ikiwa nzima, tafuta taa ndogo kwenye mazabodi. Pawa saplai ya ATX hutoa volti 5 kupitia waya wa zambarau hata mashine ikiwa imezimwa, na ndizo zinazoiwasha taa hiyo kwenye mazabodi zilizonayo. Kisha ichomoe pawa saplai kwenye mazabodi na uunganishe waya wa kijani na mweusi wowote kwa kipande cha waya: feni yake inapaswa kuzunguka. Feni kuzunguka pekee si cheti cha afya. Waya wa njano unatakiwa kutoa volti 12, na kiwango kinaruhusu pungufu ya asilimia 5. Mita ikisoma chini ya 11.4 huku diski imeunganishwa, umeshampata mgonjwa wako. Ila usiifungue pawa saplai yenyewe kama hiyo si kazi yako. Kapasita zake kubwa zinaweza kushika zaidi ya volti 300 kwa muda baada ya kuchomolewa, na hazijali kama ulikuwa na nia njema.

Kapasita ndogo za kwenye mazabodi, zile zilizosimama kama kundi kando ya prosesa, zina historia yake. Juu ya kila moja kuna mkato wa umbo la msalaba au herufi K, na uso wake unapaswa kuwa bapa kabisa. Ukiuona umevimba, au umetoa ute wa kahawia uliokauka, umeshajua kwa nini mashine inazima ovyo, inakwama katikati ya kazi, au inahitaji kuwashwa mara kadhaa asubuhi kabla haijakubali. Miaka ya mwanzoni mwa 2000 kapasita mbovu zilienea katika viwanda vya dunia nzima. Kimiminika kilichokuwa ndani ya nyingi kati yake kilikuwa na maji mengi bila kemikali ya kutosha ya kuilinda aluminiamu. Aluminiamu ikaliwa, gesi ya haidrojeni ikajaa, na kikopo kikavimba. Nyaraka za kesi iliyofunguliwa dhidi ya Dell, zilizowekwa wazi mwaka 2010, zilionyesha kuwa kati ya Mei 2003 na Julai 2005 kampuni hiyo ilisafirisha kompyuta zisizopungua milioni 11.8 zilizokuwa hatarini kuharibika kwa vipuri vibovu. Idara ya hisabati ya Chuo Kikuu cha Texas ilipolalamika kuwa mashine zake zinakufa, ilielezwa kwamba imezichosha kwa kuzipa hesabu ngumu mno. Huo ni uchunguzi wa aina ileile ya kibandani kwetu, tofauti ni kwamba ulitoka kwa kampuni yenye nembo.

Kapasita iliyovimba haiponi kwa Windows. Hung'olewa, na mahali pake huwekwa nyingine yenye ujazo uleule, volti zilezile au zaidi, na ya aina inayovumilia nyuzi joto 105, kwa kuangalia upande wa hasi usigeuzwe. Kwa kazi hii ningempelekea fundi redio kabla ya fundi kompyuta. Huenda hajui Windows ni nini, lakini amekuwa akibadilisha kapasita tangu enzi za redio za mbao na mkono wake kwenye risasi hautetemeki.

Ikitokea feni zinazunguka, taa zinawaka na kioo kimebaki cheusi, mtuhumiwa wa kwanza ni RAM, na mara nyingi haijafa bali imekosa mguso. Pwani tatizo hili ni la kila siku. Hewa ya Tanga, Mombasa au Unguja ina chumvi na unyevu, na pini za RAM hupata utando usioonekana kwa macho. Chomoa kipande, futa pini zake pande zote mbili kwa raba safi ya penseli, pangusa vumbi la raba, rudisha hadi vishikizo vya pembeni vijifunge vyenyewe. Naweza kusema bila kuzidisha sana kwamba raba ndiyo shahada ya kwanza ya ufundi kompyuta Afrika Mashariki. Spiriti safi na kitambaa kisichotoa nyuzi ni bora kuliko raba, ambayo hukwangua kidogo dhahabu ya juu kila inapopita, lakini hakuna aliyewahi kukosa raba. Mashine ikiwa na vipande viwili, jaribu kimoja kimoja, na katika kila tundu. Ikilia milio, ihesabu: kompyuta nyingi za mezani za HP za zama hizo hulia mara tano na kumulika taa nyekundu zinapoikosa RAM.

Kuna RAM ya hatari zaidi, ile inayofanya kazi kwa asilimia tisini na tisa. Mashine inawaka vizuri, kisha inaleta kioo cha buluu, leo na namba hii, kesho na namba nyingine kabisa. Ugonjwa wa programu hupenda kurudia namba moja. Ugonjwa wa RAM hubahatisha. Dalili nyingine ni pale kupiga Windows kwenyewe kunapokataa, kunakwama kwenye kunakili mafaili, na fundi anailaumu CD, anatafuta nyingine, nayo inakwama kwenye faili tofauti. Programu ndogo ya memtest ikiachwa usiku kucha inamaliza ubishi. Kosa hata moja ni kosa.

Betri ya duara kwenye mazabodi, CR2032, ina volti 3, upana wa milimita 20 na unene wa 3.2, na jina lake limebeba vipimo hivyo. Ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote humo ndani, na sijui kingine kinachosababisha utabibu mbaya kiasi hicho. Ikifa, mashine husahau saa na mipangilio yake kila inapokatwa umeme, na huko kukatwa kwetu hakuhitaji kuelezwa. Inawaka ikidai ubonyeze F1, na kalenda imerudi miaka kumi na tano nyuma. Watu hubonyeza F1 kila asubuhi kwa miaka, kama sehemu ya kufungua ofisi. Kisha wanalalamika kuwa intaneti ni mbovu. Tovuti salama hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta inayoamini kuwa huu ni mwaka 2009 inakiona cheti hicho kuwa hakijazaliwa, nayo inakataa kufungua. Mwenye mashine ananunua bando jingine.

Madhara ya pili ya betri hiyo ni ya siri zaidi. Miongoni mwa mipangilio inayosahaulika ni namna mazabodi inavyozungumza na diski ya SATA: AHCI au mtindo wa kuiga IDE. Windows iliwekwa mashine ikiwa katika mtindo mmoja, betri ikafa, mazabodi ikarudi kwenye mtindo mwingine wa kiwandani. Asubuhi kinatokea kioo cha buluu chenye 0x0000007B, maana yake Windows haioni diski inayotakiwa kuwakia. Hakuna faili lililoharibika. Kinachotakiwa ni kuingia BIOS, kurudisha mtindo wa awali, na kuweka betri mpya. Hii ndiyo maiti ninayoihurumia kuliko zote kibandani: mashine nzima, data nzima, imefomatiwa kwa kukosa betri ya saa.

Joto nalo lina ujanja wake, kwa sababu haliangushi mashine mara moja. Pentium 4 za kizazi cha Prescott, zilizotoka Februari 2004, zilikuwa na baadhi ya aina zinazotoa wati 115 za joto, na Intel ilizipa kinga: zikipata joto kupita kiasi huanza kuruka baadhi ya mapigo ya kazi ili zipoe. Hazitoi onyo lolote. Mtumiaji anaona tu kwamba asubuhi mashine ni nyepesi na saa nne ni nzito, na kesho yake ni hivyo hivyo. Mashine ambayo uzito wake unafuata saa ya ukutani, fungua kava. Vumbi la Dodoma au la Juja hukamatana kati ya mapezi ya hitisinki chini ya feni na kutengeneza zulia, huku feni ikizunguka juu yake kwa bidii isiyo na faida. Ng'oa feni, toa zulia, shika mapanga ya feni kwa kidole unapopuliza ili bloa isiizungushe kuliko uwezo wake, na ubadilishe pesti ya prosesa ambayo kwa miaka hiyo imeshakuwa chokaa. Prosesa nyingine za soketi 478 hunata kwenye hitisinki na kuchomoka nayo, pini zote uchi; iwashe mashine kwa dakika chache kwanza ili pesti ilainike, zima, kisha izungushe hitisinki taratibu kabla ya kuivuta.

Diski ndiyo pekee kati ya vyote hivi ambayo hufa na kitu kisichonunulika. Kanuni yake ni moja, nakili kwanza, chunguza baadaye. Kila mara unapoiwasha diski inayokufa unatumia sehemu ya pumzi iliyobaki, na kuitumia pumzi hiyo kwa kukagua makosa au, Mungu apishe mbali, kwa kupiga Windows juu yake, ni ubadhirifu. Diski zina daftari la ndani liitwalo SMART, na programu ya bure kama CrystalDiskInfo hulisoma kwa dakika moja. Tazama mistari miwili: 05, sekta zilizohamishwa, na C5, sekta zinazosubiri hukumu. Namba yoyote juu ya sifuri inatosha kukuharakisha.

Usiliamini daftari hilo kupita kiasi lakini. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya diski zaidi ya 100,000 walizozifuatilia kazini. Diski iliyopata kosa lake la kwanza la ukaguzi wa uso ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo na kosa. Hata hivyo, zaidi ya asilimia 56 ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja kati ya dalili nne kuu. Kwa lugha nyingine, daftari likisema mgonjwa, amini. Likisema mzima, bado nakili. Diski inayogonga, tak, tak, tak, kisha kunyamaza, imepita hatua ya ushauri huu wote. Wapo wanaoshauri kuiweka kwenye friza. Katika unyevu wa Dar es Salaam, diski iliyotoka friza hupata umande juu ya chuma ambacho kichwa cha kusomea huelea kwa umbali wa nanomita chache, na huo ndio mwisho wa mjadala.

Baada ya yote haya ndipo programu inapoingia, na hapa mahali pa kuiangalia ni stesheneri. Kompyuta moja, printa moja, na kuanzia asubuhi hadi jioni flashi za mtaa mzima: wasifu wa waombaji kazi, mitihani ya walimu, kadi za harusi. Mteja anachomeka flashi na folda zake zote zimegeuka alama zenye mshale mdogo. Anapiga kelele kuwa kazi yake imefutwa. Haijafutwa. Kirusi kimeyapa mafaili yake sifa ya kufichwa na ya kuwa mali ya mfumo, kikaweka alama za bandia zenye majina yale yale. Ukiibofya alama, kinajiwasha chenyewe kwanza, kisha kinakufungulia folda yako halisi ili usishuku. Mtindo huu ulishamiri kwa sababu mlango wa zamani ulifungwa. Februari 2011 Microsoft ilisambaza sasisho la kuzuia flashi zisijiwashe zenyewe kwenye XP na Vista. Tangu hapo kirusi kinahitaji kidole cha mtu, na stesheneri haina upungufu wa vidole.

Amri ya kuyarudisha mafaili, flashi ikiwa E, ni attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ikifuatiwa na kufuta alama za bandia na hati ndogo ya kirusi iliyojificha pamoja nazo. Ila isafishe kompyuta kwanza. Wengi huisafisha flashi kwenye mashine yenye kirusi kilekile, kinairudia baada ya sekunde mbili, nao wanaondoka na hitimisho kwamba flashi yenyewe ni mbovu. Kompyuta yoyote inayotumia Linux huiona flashi hiyo jinsi ilivyo, mafaili na takataka pamoja, na hati ya Windows haina la kufanya huko.

Uzito wa kweli wa programu upo pia, na huo una sababu isiyotibika kwa ufundi: mashine haijazeeka peke yake, tovuti zimenenepa. Gigabaiti moja ya RAM iliyotosha mwaka 2005 haibebi ukurasa wa gazeti wa leo na matangazo yake. XP iliachwa na Microsoft tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Chrome iliiacha Windows 7 mwanzoni mwa 2023. Septemba 2021 cheti kimoja cha msingi kilichotegemewa na tovuti nyingi kilikwisha muda, na mashine kuukuu ambazo hazikuwa zimesasishwa zikaanza kukataa tovuti nzima nzima hata saa ikiwa sahihi. Firefox iliendelea kufungua, kwa sababu hubeba orodha yake ya vyeti. Katika hali hii, fedha ya kwanza iende kwenye SSD na ya pili kwenye RAM. Mashine ya Core 2 Duo ikiwekewa SSD huwaka kwa kasi inayomshangaza mwenye nayo. Linux nyepesi husaidia pia, ingawa mlango huo unafungwa kwa mashine za biti 32: Debian 13, ya Agosti 2025, haina tena kisakinishi chake kwa ajili yao.

XP yenyewe si ya kutupwa kila mahali. Printa za leza za miaka hiyo, ambazo baadhi mtengenezaji hakuziandikia kamwe draiva ya biti 64, bado huchapa kurasa elfu kwa elfu. Mashine ya XP iliyofungwa kwenye printa ya namna hiyo na isiyounganishwa na intaneti ni mfanyakazi mzuri, mradi flashi za wateja zipitie kwingine kwanza.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa kuhudumiwa bure. Windows 11 kwa utaratibu rasmi inataka moduli ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa nyingi za kabla ya kizazi cha nane cha mwaka 2017 hazimo kwenye orodha yake. Ofisi nyingi za Ulaya na Marekani zina mashine za kizazi cha nne hadi cha saba zisizo na kasoro yoyote isipokuwa hiyo, na njia yake ya kuelekea bandarini tunaijua. Mnunuzi aende dukani na flashi yenye Linux ya kuwakia, awashe mashine kwa flashi hiyo mbele ya muuzaji, na asome daftari la diski kabla ya kutoa pochi, hasa mstari wa saa ambazo diski imewaka. Mashine ya ofisi iliyoachwa ikiwaka usiku na mchana kwa miaka mitano itakuwa imevuka saa 43,000, hata kama kava lake limefutwa hadi linang'aa.